Kaka alinisomesha, wifi ananiita shahidi

Bi Mkubwa, assalamu alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 51, mzaliwa wa Pemba, kijiji cha pwani upande wa Wete. Sasa naishi Unguja, na ni zaidi ya miaka 20 nafundisha sheria chuo kikuu. Fani yangu ni dini na sheria katika maisha ya umma: mahkama za kadhi, ofisi ya mufti, mali za wakfu, hijabu kazini, vipaza sauti vya misikiti, yote yale ambayo dini na serikali zinapishana kwenye mlango mmoja. Watu hunisikia redioni, hunisimamisha bandarini kuniuliza talaka hii imepita au haikupita. Huwajibu. Hili la kwetu nimeshindwa kulijibu, ndiyo maana nakuandikia.

Baba alifariki mwaka 1990, mimi nikiwa skuli, kidato cha pili. Tumezaliwa watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike ambaye sasa yuko Maskati. Kaka ndiye aliyenisomesha. Alikuwa akichuma karafuu mashamba ya watu, analipwa kwa pishi, na msimu ukiisha anafanya uchukuzi bandarini Wete. Nilipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, nauli ya meli na pesa ya matumizi zilitoka kwake, muhula baada ya muhula, na hakukosa hata mmoja. Nilipo leo nipo kwa ajili yake. Sijawahi kumkatalia jambo.

Alioa mwaka 1994. Wifi yangu ni mkulima wa mwani. Aliingia kwa mama akiwa msichana na amekaa pale zaidi ya miaka 30, amezaa watoto wanne. Mama alipovunjika nyonga, miaka sita nyuma, wifi ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimwogesha, akimpeleka choo. Mimi nilikuwa nikivuka mara mbili kwa mwezi, na nikifika napikiwa kama mgeni.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya udongo na makuti. Ya sasa ni ya matofali, vyumba vinne. Ilianzwa 1999 na kuezekwa 2003, kwenye kiwanja kile kile cha marehemu baba, ambacho mpaka leo hatujakigawa. Na hapa ndipo linapoingia linalonikosesha usingizi. Mwaka huo wa 2003 wifi alinipa mkononi shilingi 450,000 nikanunue bati Mjini. Zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, zimefungwa kwa kipande cha kamba ya mwani, noti za elfu moja na za mia tano, zinanuka chumvi. Aliniambia nyengine ni za mwani, nyengine za upatu, na nyengine ni za mkufu aliopewa na mama yake, ameuuza kwa sonara Chake Chake. Nikaenda duka moja Darajani, nikanunua bati 50. Mwenye duka akaniuliza: "Risiti niandike jina gani?" Nikamtajia jina la kaka. Sikufikiri hata kidogo. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shahada ya sheria, Bi Mkubwa.

Bati nikazipakia kwenye meli ya mizigo bandarini Malindi, hapa Unguja. Kaka alizipokea Wete, na siku ya pili yake nikaletewa salamu: "Mwambieni mdogo wangu ahsante, amenifunika."

Mwaka juzi kaka alioa mke wa pili, Chake. Mwaka jana, Mfunguo Sita (Rabiul Awwal), akamwacha wifi. Eda imekwisha. Amerudi kwa ndugu zake na kitanda, kabati na masanduku mawili, na amefungua shauri mahkama ya kadhi ya wilaya kudai mchango wake katika nyumba. Sheria ya Mahkama za Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyoshika nafasi ya ile ya 1985, inamruhusu kadhi kusikiliza madai ya mali ambayo mume na mke wameichuma kwa mchango wao. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizunguka kwenye semina kuwaeleza watu hivyo.

Kaka amepeleka risiti zake zote za ujenzi. Ya bati imo, ina jina lake na tarehe ya siku niliyosimama pale dukani. Wifi hana risiti hata moja. Ana kopo la biskuti lenye vijidaftari vya kuuzia mwani, vimeliwa na nondo. Alinipigia simu. Hakulia, hakunilaumu. Alisema: "Wifi, wewe ndiye uliyezishika zile pesa. Njoo useme tu ulichokiona."

Mama, ambaye bado anaishi katika nyumba hiyo, ameniambia nikisimama mbele ya kadhi kumsuta kaka yangu, radhi zake nisije nikazitafuta. Kaka hajanipigia. Amemtuma mtoto wa ami aniambie: "Mwalimu akumbuke nani aliyemtoa kijijini."

Kila mwaka nafundisha kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambayo Mahkama ya Rufaa ya Tanzania iliiamua mwaka 1983 na kusema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nawaeleza wanafunzi kuwa hukumu ile imetokana na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kwetu Visiwani haitumiki. Kwetu mambo haya ni ya kadhi, na yaliyoanzia kwa kadhi hayapandi hadi Mahkama ya Rufaa ya Tanzania. Kisha nawauliza kama fikihi yenyewe, elimu ya sheria za dini yetu, imemsahau mwanamke aliyefanya kazi na kutoa pesa. Nawatajia wanavyuoni wa Moroko waliompa mke wa shamba fungu katika mavuno aliyoyatolea jasho. Nawatajia Malaysia, ambako mahkama za sharia hugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Darasani ulimi wangu ni mwepesi.

Na kadhi mwenyewe ni mwanafunzi wangu wa zamani. Usiku mmoja nilishika simu, nikalitafuta jina lake, nikaliona, nikaiweka simu chini ya mto.

Mume wangu anasema nisiingie kabisa. Mimi nafikiri nikae kati na kati, nisimdhulumu yeyote, kwa sababu mtaalamu kama mimi akisema neno itaonekana ametumia elimu yake kumkandamiza ndugu aliyemlipia elimu hiyo hiyo. Nimefikiri pia kumjengea wifi vyumba viwili kwao, kimya kimya, kwa pesa zangu. Tuko Shaabani, na shauri limepangwa baada ya Idi. Nifanye nini?

Mwalimu, Unguja

Jibu la Bi Mkubwa

Wa alaykumu salaam, Mwalimu wangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikaisoma tena usiku watu walipolala. Mambo mawili yamenikaa moyoni: zile noti zinazonuka chumvi, na ile salamu ya kaka yako kutoka bandarini. Nitayarudia yote mawili.

Niseme kwanza nilivyokuelewa, kama nimekosea unisahihishe. Kuna nyumba ambayo mwanamume mmoja anasema ni yake, na karatasi zinasema hivyo. Kuna mwanamke anayesema jasho lake limo ndani ya nyumba hiyo, na hana karatasi. Baina yao yuko mtu mmoja aliyeziona pesa kabla hazijawa bati. Mtu huyo ana deni kubwa kwa mwanamume yule, ana mama anayemtishia radhi, na mwanafunzi wake ndiye aliyekaa kwenye kiti cha ukadhi. Wapo watu ambao moja tu kati ya hayo lingewakosesha usingizi. Wewe umebebeshwa yote, na juu yake unajua sheria inasemaje, kwa hiyo huna hata pa kujifichia ukasema hukujua. Nakuonea huruma ya kweli.

Lakini barua hii umeiandika kwa mkono wa profesa. Namba za sheria, Bi Hawa, Moroko, Malaysia. Hebu yasome tena maneno ya wifi yako, polepole. Hakukuomba maoni ya fikihi. Hakukwambia uje umfundishe kadhi kazi yake. Amesema njoo useme ulichokiona. Angekuwa yule mwenye duka wa Darajani anaikumbuka siku ile na kujua pesa zilitoka wapi, angemwita yeye, na sidhani kama angemuuliza amesoma mpaka wapi. Anachokihitaji kwako ni macho yako na mkono wako wa mwaka 2003. Hofu yako ya kumkandamiza kaka kwa elimu naiona ni hofu ya heshima, lakini sina hakika kama ndiyo inayohusika hapa. Nadhani elimu imekuwa mahali pa kukaa ili usiguse lile jengine, ambalo ni dogo na zito zaidi: kwamba ulikuwepo.

Unasema utakaa kati na kati. Natamani ingewezekana. Ila risiti ile imeshapelekwa mahkamani, na jina lililomo umelitamka wewe. Hukusema uongo siku ile; umeulizwa jina, umetaja jina ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelitaja. Mimi nna cherehani nimeinunua kwa pesa za vitumbua, mwaka mzima nimekusanya, na karatasi yake mpaka leo ina jina la marehemu mume wangu, kwa sababu nilipoulizwa niliona haya kutaja langu. Kwa hiyo sikulaumu hata chembe. Nakuuliza tu: ukinyamaza, je, utakuwa hukusema kitu? Au lile neno la dukani litaendelea kusema peke yake, na wewe umekaa pembeni unalisikiliza?

Sasa nije kwa kaka yako, na hapa naomba univumilie.

Umesema amekusomesha, na hakukosa muhula hata mmoja. Ni jambo kubwa, wala simpunguzii hata senti. Lakini nimehesabu miaka. Ameoa 1994. Wewe umeingia chuo 1996. Wewe mtu wa Pemba unazijua karafuu kuliko mimi: mwaka huu mkarafuu unainama kwa kuzaa, mwaka unaofuata unaweza kusimama mtupu. Na bandarini mchukuzi analipwa siku meli ikifika. Mwani ukiufunga kwenye kamba, baada ya wiki sita hivi unavuna, mwaka mzima, maadamu maji ya bamvua yanakupwa na mwanamke ana mgongo wa kuinama. Katika nyumba ile, miaka ile, pesa iliyokuwa ikipatikana bila kukosa ilikuwa ya nani? Mimi sijui. Huenda kaka yako alijinyima, akalala njaa, akatoa yote yeye. Huenda pia mfuko wa plastiki wa 2003 haukuwa wa kwanza kupita mikononi mwako. Deni lako kwa kaka litabaki pale pale kwa vyovyote. Huenda lina wenyewe wawili, na ulikuwa ukimjua mmoja tu.

Halafu ile salamu. "Mwambieni mdogo wangu ahsante, amenifunika." Umeiandika kwa mstari mmoja ukaipita. Mimi nikasimama. Amekushukuru wewe. Bati zimetoka Mjini, zimekuja kwa mkono wa mdogo wake aliyesoma, aliyekwishaanza kazi. Je, kuna mtu aliyewahi kumwambia zile ni pesa za mkewe, na mkufu wake? Wifi yako alimwambia, au alikaa kimya ili mumewe asione aibu mbele ya watu? Na wewe uliijibu vipi salamu ile? Barua haisemi. Inawezekana kabisa kaka yako anajua kila kitu na anafanya jeuri. Watu wa namna hiyo wapo, wala sitaki kumtetea mtu nisiyemjua. Lakini inawezekana pia kuwa kwa zaidi ya miaka 20 ameamini mdogo wake ndiye aliyemwezekea nyumba, kwamba kule kusomesha kumerudi juu ya kichwa chake kwa sura ya bati 50. Kama ni hivyo, anapokutumia mtoto wa ami kukukumbusha nani aliyekutoa kijijini, yeye moyoni anazungumza na mtu aliyemnunulia paa. Na risiti aliyoipeleka kwa kadhi anaiona ni ya haki.

Hajakupigia simu. Nawe hujampigia. Barua yote hii ina maneno ya mama, ya wifi, ya mume wako, ya mtoto wa ami, na baina yako na kaka yako hakuna hata neno moja lililopita kwa kinywa.

Kuhusu mama, sitakwambia radhi zake ni jambo dogo. Mimi ni mtu wa visiwa hivi hivi, najua neno hilo likitoka kinywani mwa mzazi mtu anaamka nalo na kulala nalo. Unaijua pia aya ya 135 ya Suratun Nisaai, inayotaka haki isimamiwe hata ikiwa juu ya wazazi na jamaa, na haina haja nikusomee. Ila tumtazame mama mwenyewe. Ni mtu mzima, nyonga imevunjika. Aliyekuwa akimgeuza ameondoka na masanduku mawili. Anasikia "kugawana nyumba", na nadhani anachokiona ni mafundi wanapanda juu kung'oa bati zilizo juu ya kitanda chake. Anasikia mke mdogo yuko Chake, na hajui kama huyo ataweza kumpeleka choo. Inawezekana neno la radhi limetoka kwenye hofu hiyo kuliko kwenye mapenzi ya mtoto wa kiume. Je, umemuuliza anaogopa nini?

Na kiwanja, Mwalimu. Wewe unayefundisha mirathi umekipitia haraka mno. Kiwanja ni cha marehemu baba na hakijagawiwa tangu 1990. Maana yake mama ana thumni yake pale, yaani moja ya nane, kaka ana fungu lake, wewe una lako, na mdogo wenu wa Maskati ana lake. Mama si mgeni kwenye ardhi ile, wala hakai kwa hisani ya kaka yako. Hilo peke yake, akielezwa taratibu na mtoto wake anayejua, linaweza kumpa usingizi. Lakini linakugusa na wewe: una maslahi. Ukienda kusema chochote, mtu anaweza kusimama akadai umekuja kutetea fungu lako la ardhi. Afadhali ulitaje mwenyewe, mwanzo, hadharani. Na mdogo wenu apigiwe simu. Si haki asikie mambo ya nyumba ya baba yake kwa watu.

Kuna pia yale unayoyadhania kuhusu mwisho wa shauri. Unaandika kana kwamba ukifungua mdomo kaka amepoteza nyumba. Nilimuuliza mwanasheria mmoja mtu mzima kuhusu Bi Hawa wako. Akaniambia jambo ambalo wewe unalijua na hukuliandika: Bi Hawa mwenyewe hakushinda. Majaji walikubali kuwa kazi zake za nyumbani ni mchango, kisha wakaona mumewe alishampa pesa za kujengea nyumba na yeye akazitumia ovyo, rufaa yake ikakataliwa. Kwa hiyo hata pale ambapo kanuni imesimama upande wa mwanamke, mizani ina mambo mengi. Uzito wa neno lako, likiwa la mwanamke mmoja, pamoja na vile vijidaftari vilivyoliwa na nondo, atautazama kadhi. Hiyo ni kazi yake, na wewe huwezi kumfanyia.

Ndiyo maana nakushukuru kwa kuiweka ile simu chini ya mto. Iache huko huko. Hata ungempigia kumsalimia tu, hata ungempigia kumtetea mnyonge, ungeharibu shauri lote, na atakayeumia kwanza ni wifi yako. Kama kadhi alikuwa mwanafunzi wako, jambo hilo lisemwe wazi siku ya kwanza mbele ya pande zote mbili, wao na yeye watazame kama anafaa kuendelea.

Vyumba viwili kwa pesa zako, nimevifikiria sana, kwa sababu ni wazo la mtu mwenye huruma. Nina wasiwasi nalo. Wifi yako hajakuomba hisani. Akiingia kwenye vyumba vyako atashukuru, na itabaki kuandikwa na kusemwa kwamba nyumba ya kule alijengewa na mume, na hii ya huku amejengewa na wifi. Mkufu wa mama yake utakuwa haukuezeka kitu popote. Ikiwa baada ya yote unataka kumsaidia, msaidie, lakini isiwe badala.

Na yeye, wifi, anataka nini hasa? Nusu ya nyumba? Chumba kimoja cha kuzeekea? Thamani ya bati? Au anataka tu isemwe mbele ya watu kwamba na yeye alijenga? Barua yako haikunieleza, na nina shaka kama umemuuliza. Majibu hayo manne yanapelekea njia nne mbalimbali, nyengine wala hazimtoi mama kitandani.

Sulhu bado ina nafasi, muda ni mdogo lakini upo. Ndoa imeshavunjika, ila watoto wanne ni wa wote wawili, na wazee wa pande mbili wanaweza kukaa. Usiwe wewe msuluhishi. Umeshika pesa, huwezi kushika mizani. Na nakuomba uwe macho na sulhu zetu. Nimehudhuria nyingi. Mara ngapi mwanamke anaambiwa avumilie, fatiha inasomwa, halwa inaliwa, kahawa inanyweka, na hakuna kilichoandikwa? Kama watakaa, pawepo na karatasi, na wifi yako awe na msaidizi wa sheria ubavuni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imewatambua, na mtu wa kijijini anaweza kuwatumia bila ya kulipa.

Sulhu isipokuwa, kuna kwenda kusema. Unaweza kwenda kwa hiari, na pengine kaka atakata mguu kwako kwa miaka, sitakuficha. Unaweza kusubiri mahkama ikuite kwa hati, na hapo mama na jamaa watakuona umekwenda kwa amri, jambo ambalo kwetu hupunguza makali. Ila usiigeuze hati hiyo kuwa pazia, maana wifi yako anaweza asijue namna ya kuiomba, na siku ikapita. Na unaweza kunyamaza. Hiyo nayo ni njia, watu wema wameipita, na mume wako anapoikupendekezea nadhani anakulinda wewe kuliko kumlinda yeyote. Ukiichagua, ichague kwa kujua kuwa mwakani utaingia tena darasani, utafungua ukurasa wa Bi Hawa, na utawaangalia wale wasichana wa kutoka Micheweni na Mkoani wanaoandika kila unalolisema. Wewe ndiye utakayejua unaweza kulibeba hilo au huwezi. Mimi siwezi kukupimia.

Ningekuwa mimi, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, ningekaa usiku mmoja nikaandika yote ninayoyakumbuka ya mwaka 2003: mfuko, kamba, noti, alichosema kuhusu mkufu, mwenye duka aliuliza nini, nilijibu nini. Na yale nisiyoyakumbuka, ningeandika kuwa siyakumbuki. Ningeandika sasa, kabla maneno ya mama na ya kaka hayajachanganyika na ya kwangu.

Kisha ningepanda boti kabla Ramadhani haijaingia. Ningekwenda kwa mama kwanza, nilale chumbani kwake usiku mzima, nimgeuze mwenyewe kila anapotaka kugeuka, na mazungumzo ya kiwanja yaje yenyewe. Asubuhi yake ningemtafuta kaka alipo, peke yake, bila mtoto wa ami, nikae naye barazani. Nisianze na kadhi wala na sheria. Ningeanza na salamu ile: "Kaka, ulinitumia ahsante kwa zile bati, na sikuwahi kukujibu. Hazikuwa zangu."

Atakachokijibu hakijulikani kwangu wala kwako. Niandikie baada ya Idi, hata kama ni mistari miwili.